Zebra ya Bwana Shebe

Bwana Shebe alirudi kutoka Uingereza na kichwa kimemvimba. Kisima pekee cha kijiji kilikuwa chake, akaweka sharti: mwenye kutaka maji amletee neno la Kiingereza la herufi tano, lenye z ndani, na asirudie la mwenzake. Wanawake wakabaki foleni na ndoo tupu.

"Maneno ninayo," akasema Bi Mwanakheri, "ila watu wanadai wewe mwenyewe huna hata moja. Utajuaje kama nimepatia?"

"Mimi? Zebra. Pizza. Dozen. Crazy." Akayamwaga mpaka jasho likamtoka.

Bi Mwanakheri akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kila mtu achukue lake."

"Hayo ni yangu," akafoka Bwana Shebe.

"Ndiyo maana tunakurudishia. Shika zebra yako," akajibu, huku akiteremsha ndoo kisimani.