Chewa na Alfajiri Iliyopiga Chafya

Haya, kaeni vizuri, na mwenye njaa ale kwanza, maana kisa hiki ni cha chakula mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mito ilikauka, haikupeleka hata tope baharini, na ule uji wa kijani unaoota juu ya maji ukawa mwepesi, wa kulamba tu. Huko chini kilindini, kwenye giza, viumbe wote walikonda. Dagaa walikuwa wembamba tangu zamani. Sasa ukiwatazama kwa mbele huwaoni.

Watu wa kilindini wana desturi yao. Mchana hawapandi, kwa sababu juu anakaa Nguru, mwenye maringo na meno, na anachokiona kwenye mwanga ndicho anachokula. Jua likizama wanapanda wote, uduvi, dagaa na kamba, safari ndefu ya kukata pumzi, wakale uji gizani. Mwanga wa kwanza ukionekana, Bi Kamba anaita, "Shukeni," nao wanashuka bila kubishana. Kazi ya kuita alipewa yeye kwa sababu macho yake yametoka nje kama vifungo vya shati.

Mwaka huo Bi Kamba alikuwa amebeba mayai chini ya tumbo. Mama asipokula, mayai yanakauka. Alilijua hilo, na hofu haikumwacha hata alipolala.

Sasa kulikuwa na Chewa. Mlafi huyu sijui nimweleze vipi. Mdomo wake ulianzia mbele ukaishia karibu na mkia. Siku moja alimwendea Ngisi, mjanja wa kilindi, ambaye ngozi yake huwaka taa apendapo.

"Ndugu yangu Ngisi," akamwambia, "wenzetu wakianza tu kula, wewe pita juu yao, uwake. Watadhani kumekucha, watashuka. Uji wote utabaki wetu, nusu kwa nusu."

"Nusu yangu itakuwa ipi?" Ngisi akauliza.

"Ile nyingine," Chewa akasema.

Ngisi akaona hilo ni jibu. Ujanja wake siku hiyo sijui aliuacha wapi.

Usiku ule watu hawajameza funda la pili, mwanga ukatokea. Bi Kamba akaita, wakashuka mbio. Chewa akabaki peke yake akifyonza uji; angekuwa na masikio yangecheza. Ngisi alipokuja kudai chake, Chewa alijifuta mdomo.

"Nusu yako niliionja kidogo, nione kama ina sumu," akasema. "Haina. Njoo kesho."

Kesho yake yakawa yale yale, na watu wakaanza kumsema Bi Kamba. "Shoga, macho hayo ni ya kuonea au ni pambo?" Mama Dagaa akamwuliza. "Watoto wamelala na njaa tena. Ikiwa hivi na kesho, tutatafuta mwingine wa kuita."

Bi Kamba akaondoka. Alijificha akalia, kisha akayapapasa mayai yake, akayakuta yameanza kufifia rangi. Ndipo akakumbuka jambo. Akamfuata Ngisi kwenye jiwe lake.

"Kaka Ngisi, alfajiri ya leo ilipiga chafya."

"Labda ina mafua," Ngisi akasema, halafu akapiga chafya.

Wakatazamana. Bi Kamba hakugomba. Alimgeuzia tumbo, akamwonyesha mayai. "Hawa ndio unaowanyima," akasema. "Haya, na wewe mwenyewe umekula nini tangu juzi?"

 Ngisi hakuwa amekula kitu. Aibu ilimshika hata wino ukamtoka kidogo bila kukusudia.

Jioni, kabla ya kupanda, akampitia Chewa. "Watu wameanza kunishtukia," akamwambia. "Leo nitachelewa kuwaka, mpaka wasahau. Lakini nikiwaka, nitawaka kweli kweli. Usishtuke, wewe kula tu."

"Mimi nishtuke na chakula mdomoni?" Chewa akasema.

Wakapanda. Usiku kucha watu walikula kwa utulivu, hakuna mwanga wala chafya, na mayai ya Bi Kamba yakarudiwa na rangi yake. Chewa alikula pembeni huku akinung'unika. Kulipokucha kweli, Bi Kamba akaita, "Shukeni," wakashuka wote, Ngisi akiwa wa kwanza.

Chewa akabaki anacheka. "Vizuri, Ngisi," akaliambia jua. Akafyonza. Mwanga ukazidi. "Inatosha, ndugu yangu, wameshaondoka. Punguza." Jua likapanda. "Ngisi, unanichoma mgongo. Nusu yako nitakupa, usinune hivyo."

"Unazungumza na nani?" sauti ikauliza nyuma yake. Alikuwa Nguru, amechanua mapezi yote.

Chewa akaelekeza kichwa chini akimbie. Tumbo likakataa. Lilikuwa limejaa uji na hewa, na kila alipozama kidogo lilimrudisha juu, mwisho likampindua kabisa, akaelea chali.

Nguru akamzunguka. "Mimi na heshima zangu sili kitu kilicholala chali," akasema. "Watu watanionaje?" Lakini harufu ya uji ilikuwa nzuri, basi akamng'ata kipande cha mkia, akaenda zake.

Chewa alishinda juani mchana kutwa, shakwe, wale ndege wa baharini, wakisimama juu ya tumbo lake na kuongea mambo yao. Jioni watu wa kilindini walipopanda walimkuta hapo hapo, wakala huku wamemzunguka, na hakuna aliyempa hata pole. Hewa ilipomtoka, nanyi mnajua ilivyotoka, ndipo akazama.

Mayai ya Bi Kamba yaliangulika yote, na kazi ya kuita hakunyang'anywa.

Chewa tangu siku hiyo yumo pangoni, mdomo wazi, njaa imemkaba. Kila mwanga ukipita huuliza, "Jamani, hilo ni jua au ni Ngisi?"

Na watoto wa Bi Kamba humjibu kwa adabu zote, "Hatujui, mjomba. Toka uone."