Kidari cha Sajenti Apolinari

Ukipewa kidari kimoja cha mbuzi, na mbele yako wamekaa watu watatu ambao kila mmoja anatajwa kuwa ndiye aliyekurudishia usingizi wako, utampa nani?

Usikimbilie kusema utakigawa. Kwa akina Tesha kidari hakigawanywi. Hutolewa kizima, akapewa mtu mmoja mbele ya macho ya wote, na aliyekipokea huheshimiwa na ukoo mpaka achinjwe mbuzi mwingine. Sajenti mstaafu Apolinari Tesha alijikuta siku ya Krismasi amesimama mbele ya kidari hicho, kisu mkononi, jasho likimtiririka, na uani kumejaa watu wenye njaa.

Tuanze na watu wenyewe na walichojaliwa.

Genoveva, mke wake, alijaliwa uongo. Si ule wa kumchongea mtu. Ulikuwa uongo wa kazi. Aliweza kukutazama usoni akakuambia mvua inakuja, nawe ukakimbia kuanua nguo jua likikuchoma utosi.

Koplo mstaafu Shomari, fundi wa kuziba pancha pale mjini, alijaliwa mdomo. Yeye na Apolinari walipanda gari moja walipopelekwa kulinda amani nchi ya watu, na tangu warudi Shomari hakuacha kusimulia. Mto waliouvuka ulizidi kupanuka mwaka hadi mwaka.

Na Aikande Nkya, mshauri katika kliniki ya wanajeshi wastaafu, alijaliwa kunyamaza. Alikwenda kulisomea jambo hilo chuo kikuu, kitu kilichomshangaza mama yake, kwa sababu nyumbani alikuwa akinyamaza bure.

Apolinari mwenyewe alijaliwa usahihi. Ripoti ikikosea jina la kijiji au rangi ya gari, ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa ugonjwa. Tangu astaafu, Apolinari alilala kama mtu aliyeazima usingizi na mwenyewe anautaka. Usiku alizunguka mgombani na tochi, akikagua migomba utadhani inapanga kutoroka. Mlango ukibamizwa, yeye alikuwa chini ya meza kabla kikombe hakijafika sakafuni. Ukimuuliza, alijibu, "Mimi mzima. Mazoea ya kazi tu." Na familia yote, watu wazima wenye akili zao, iliitikia: mazoea ya kazi. Kusema hivyo kulikuwa rahisi, na hakukumsaidia mtu yeyote.

Hali ikawa hiyo mpaka Krismasi moja Adelina, binti yao, alipokuja nyumbani na mumewe na mama mkwe wake. Watoto wa jirani wakalipua fataki. "Laleni chini!" alinguruma Apolinari, na kabla mtu hajauliza kwa nini, mama mkwe, mwanamke wa haja aliyevaa kitenge cha kwaya, alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la mgombani, na sajenti juu yake akimkinga kwa mwili wake. Kwa haki ya Mungu, alimkinga vizuri. Lakini kuna heshima ambazo mkwe hapendi kupewa.

Baadaye Adelina akajifungua. Akapiga simu.

"Baba, nakupenda. Lakini mtoto simleti huko mpaka utibiwe."

"Nitibiwe nini? Mimi mzima."

"Haya, mzima akae na migomba yake." Akakata.

Basi mjukuu akawa wa kwenye kioo cha simu. Apolinari aliipapasa ile picha kwa kidole gumba mpaka ikajifuta, akamwita jirani amrudishie. Na kule mjini ilikuwapo kliniki ya wanajeshi wastaafu, bure kwao na kwa wake zao: presha, sukari, macho, masikio, na chumba kimoja cha ushauri nasaha. Alikifahamu chumba hicho. Alikiita chumba cha waliolegea.

Genoveva alifanya hivi. Asubuhi moja, akimenya ndizi, alisema bila kuinua macho:

"Baba Adelina, Shomari anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kichwa. Si kile cha kumeza panadoli. Kile kingine." Akatupa ganda. "Wamempa nafasi kwenye kikundi kila Alhamisi. Ila wanataka aende na msindikizaji aliyetumikia naye. Nimemwambia ndiyo basi, hana mtu."

"Hana mtu? Mimi ni nani?"

"Wewe una migomba yako."

Apolinari alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu.

Kanuni hiyo ya msindikizaji haikuwapo popote duniani. Siku iliyotangulia Genoveva alikuwa amekaa kwenye tairi bovu pale kwa Shomari, akimbembeleza akubali kujifanya mgonjwa. "Niitwe mwendawazimu mimi, shemeji? Wateja wangu wataniletea baiskeli kweli?" Alitaka abembelezwe sana, akabembelezwa sana, mwishoni akakubali kwa uso wa mtu anayetoa figo.

Shomari naye alifanya hivi. Alikaa kwenye duara la viti pamoja na wastaafu wengine, na Alhamisi za mwanzo alizungumzia kila kitu isipokuwa kilichowaleta pale. Alizungumzia bei ya mipira. Alizungumzia bawasiri. Apolinari alikaa nyuma yake, nje ya duara, mgongo ukutani na mikono kifuani, akisindikiza. Halafu Alhamisi moja Shomari aliweka kikombe chini na kusema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia:

"Gari letu lilikwama. Tulikuwa na kijana, Lusekelo. Nikamtuma mtoni akatuchotee maji. Hakurudi. Nilimtuma mimi."

"Uongo," ilisema sauti kutoka ukutani.

"Afande, niache niseme."

"Ripoti yako ina makosa. Hapakuwa na mto pale, palikuwa na kisima. Halafu koplo hatumi mtu sajenti akiwepo." Mikono ikashuka kutoka kifuani. "Nilimtuma mimi."

Aikande alifanya hivi: hakufanya kitu. Tangu siku ya kwanza alijua mle ndani hamna msindikizaji. Mtu anayesindikiza huchezea simu yake, husinzia. Hakodolei mlango mpaka macho yawe mekundu. Aliisikia ile kanuni ya Genoveva na hakuikanusha. Kila Alhamisi alimimina chai ya tangawizi kikombe kimoja zaidi, akaacha kiti kimoja kitupu ndani ya duara, na wala hakukionyesha kwa kidole. Na sasa, wanaume wazima wakitazama viatu vyao, mshauri mwingine angerukia neno: pole, afande, hebu tueleze unajisikiaje. Aikande alinyamaza. Kimya kikarefuka, kikawa kizito, mtu akakohoa, naye akaendelea kunyamaza, mpaka Apolinari mwenyewe alipojivuta kutoka ukutani, akakaa kwenye kile kiti.

"Niendelee?" aliuliza.

"Endelea, afande."

Akaendelea kwa Alhamisi nyingi. Alilia pia, akadai ni tangawizi. Wakampeleka na chumba cha masikio, ikajulikana kwamba sikio la kushoto lilikufa kwenye mlipuko kule walikolinda amani, ndiyo maana kila kishindo kilimjia kutoka pande zote kwa pamoja. Akapewa kifaa cha kusikilizia. Jambo la kwanza alilolisikia vizuri lilikuwa Genoveva akimnong'onezea sufuria kwamba mzee huyu anakula kama anahama.

"Kumbe ndivyo unavyosema?"

"Hayo ni machache, Baba Adelina."

Usingizi ulirudi taratibu, kama paka aliyefukuzwa. Tochi ikaoza betri.

Na Krismasi hii Adelina akaja na mtoto. Shomari alialikwa, akamchinja mbuzi yeye ili naye ale na wenzake. Aikande alikuja na keki. Mama mkwe alikuja na kitenge kikuukuu, kwa tahadhari. Mchana fataki zikalia. Watu wote uani wakamtazama sajenti. Mama mkwe alikwisha kukunja magoti. Apolinari alikuwa amempakata mjukuu. Aliubana mkono kwenye paja, akavuta pumzi, akaitoa.

"Hebu waambieni wale watoto," alisema, "wataniamshia mtu huku."

Vigelegele vilivyopigwa hapo ndivyo vilivyomwamsha mtoto.

Sasa kidari kikaiva, naye akasimama nacho. "Kidari hiki ni cha aliyeniponya," alitangaza, kisha akagundua hajui anamaliziaje sentensi.

"Mpe mkeo," alisema mama mkwe. "Nani mwingine anaweza kukuvumilia?"

"Daktari wa kichwa ndiye aliyesomea," alisema mume wa Adelina.

"Nami nilitoa Alhamisi zangu zote," alisema Shomari. "Pancha za watu zilipoa."

Genoveva akainuka. Alikuwa ameonja mbege kidogo, ile pombe ya ndizi, na anapoonja huchoka kudanganya. "Kabla hujakata, Baba Adelina, ujue unalipa nini. Msindikizaji hakutakiwa na mtu. Niliitunga ile kanuni. Shomari hakuwa anaumwa, nilimwomba ajifanye."

"Na mimi nilijua," alisema Aikande.

Kisu kikashuka. Apolinari hakumtazama mke wake, wala mshauri. Alimtazama Shomari, na furaha ilikuwa inamtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mbele ya watu wa lile duara alikuwa amelia. Mbele ya mtu huyu alikuwa amemtaja Lusekelo. Adelina akamkumbatia mtoto.

"Nilikusindikiza Alhamisi zote zile," alisema polepole. "Nikikuhurumia. Kumbe ulikuwa mzima?"

Shomari aliinuka. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Afande, shemeji aliponijia nilijifanya nakataa. Kumbe nilikwisha kufika getini pa kliniki mara nyingi, nageuza baiskeli. Niliogopa kuingia peke yangu. Ile Alhamisi ya kisima sikuigiza. Wewe ulimtuma, sawa. Lakini aliyelalamika kiu mpaka ukamtuma ni mimi. Nilikutumia wewe unipitishe mlangoni." Akamgeukia Genoveva. "Shemeji, hukudanganya mtu. Mgonjwa nilikuwa mimi. Naye alinisindikiza kweli."

Genoveva akakaa chini: uongo wake bora kuliko wote ulikuwa umegeuka kweli mbele ya wakwe. Apolinari akaanza kucheka, Shomari akamfuata, na vicheko viwili hivyo vilipandana mpaka wakashikana mabega wasianguke.

"Basi kidari ni cha baba mwenyewe," alisema Adelina, "kama ndiye aliyemponya mwenzake."

Nyama inapoa, wewe unayesikiliza. Yupo mke aliyedhani amedanganya, yupo mgonjwa aliyemponya mwenzake akijitafutia dawa, yupo mshauri aliyejua yote akafunga mdomo, na yupo msindikizaji mwenyewe anayecheka na kisu mkononi. Je, kingekuwa chako kukitoa, ungempa nani?