Kwa Nini Hondohondo Humfungia Mkewe Ndani ya Mti

Mnaomwona hondohondo akipita juu ya miti na domo lile kama kiatu kilichobandikwa usoni, msimcheke kwanza. Subirini mjue alikotoka, ndipo mcheke vizuri. Waliosoma mpaka wakavaa miwani watawaambia kwamba anamziba jike wake ndani ya mti kwa kuogopa nyoka. Nyoka! Waacheni na nyoka wao. Kisa chenyewe ni hiki, na hamjapata kukisikia kikisimuliwa vizuri kama kitakavyosimuliwa sasa hivi.

Enzi hizo hondohondo hakuwa ndege. Alikuwa mtu, mhunzi, jina lake Senkondo, akiishi juu kabisa kwenye milima ya Upare, pale ambapo ukungu hulala mpaka jua lichoke kuusubiri. Wahunzi hawakuruhusiwa kujenga kijijini kwa sababu ya cheche zao, kwa hiyo Senkondo na mkewe Nakijwa walikaa msituni, ndani ya mvule mkubwa wenye shina wazi. Mlango ulikuwa ufa wa gome, na pazia ni ngozi ya mbuzi. Nje palikuwa na tanuri la udongo, mivukuto, fuawe na lundo la makaa. Nakijwa alishuka kijitoni kila asubuhi kupepeta mchanga mweusi kwa kibuyu kilichokatwa, na mchanga huo ndio mumewe aliouyeyusha ukawa chuma.

Senkondo alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Jembe lake ukiligonga kwa ukucha linaimba. Ila wivu wake, jamani! Alimwonea wivu beberu aliyemlamba Nakijwa chumvi kiganjani. Aliuonea wivu mto kwa kuwa ulimshika miguu. Mtu akimsalimia Nakijwa, sawa. Akiongeza, "Na nyumbani hawajambo?" Senkondo ameshaokota nyundo. "Nyumbani ni kwangu. Hali yangu unaniulizia kwa mke wangu kwa nini, mimi bubu?"

Basi siku moja, mchana kweupe, nyota ikaanguka. Ilipasua matawi, ikachemsha maji ya kijito, ikatua katikati ya mchanga wa Nakijwa. Haikuwa jiwe. Ilikuwa chombo cha chuma chenye umbo la yai, kikubwa kama ghala, kimepasuka ubavuni. Humo akatoka mtu, kama ni mtu: mrefu, ngozi inang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, joho jeusi mpaka visiginoni, na kichwani kofia ya rangi ya pembe iliyojikunja mbele. Wanawake wote waliokuwa kijitoni wakatimua mbio. Nakijwa alibaki, maana alikuwa amepepeta tangu asubuhi na hakuwa tayari kumwaga jasho lake kwa ajili ya mtu asiyepiga hodi.

"Umesimama kwenye mchanga wangu," akamwambia. "Sogea."

Mgeni akasogea.

Walimwita Mmeremeto. Alijifunza lugha kwa kuketi tu kijitoni akiwasikiliza wanawake walioanza kurudi mmoja mmoja kuja kumtazama. Kwa hiyo akazungumza kama wao, kwa madaha yote na "hee" zote. Alipopelekwa kwa mhunzi alipiga goti kidogo kama mwali, akasema, "Shikamoo shemeji. Hee! Umekonda hivyo, hulishwi?"

Senkondo hakucheka. Nakijwa alicheka mpaka akashika mti, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mmeremeto alieleza kwamba ametoka nchi iliyo nyuma ya nyota, ambako majua mawili huchomoza kwa kupokezana. Chombo chake hakiwezi kuruka mpaka ule ufa uzibwe kwa bamba la chuma, naye hana moto wa kuyeyushia chuma. "Nimeambiwa mlima mzima hakuna mkono kama wako."

Senkondo akavimba kidogo. "Nani kakwambia?"

"Nakijwa."

Akanywea. "Na mke wangu anakusimulia mikono yangu kwa nini?"

Hata hivyo alikubali. Mgeni alimwahidi kwamba kazi ikiisha ataomba kitu kimoja, chochote, na atapewa. Senkondo alijua papo hapo atakachoomba: chuma kisichoota kutu. Wahunzi wangelitaja jina lake mpaka ndimi zikauke. Alianza kuliota jina hilo kabla hata hajawasha moto.

Lakini bamba kubwa linataka mchanga mwingi, na mchanga uko kijitoni. Nakijwa akawa anapepeta, Mmeremeto anambebea. Senkondo, huku juu akikanyaga mivukuto, alisikia kicheko cha mkewe kikipanda bondeni. Akasimamisha mivukuto asikie vizuri. Moto ukalala, chuma kikaganda kikawa mavi ya chuma, akaanza upya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukumbuka mara ya mwisho yeye kumchekesha hivyo.

Akajikuta amebanwa pande zote. Akichelewesha kazi, mgeni anazidi kukaa. Akiimaliza, mgeni ataondoka, lakini ataondoka na nani? Kila nyundo aliyopiga ilimuuliza swali hilohilo.

Dada yake, Nanzia, ndiye aliyemmalizia. Alipanda siku moja na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, akakaa juu ya makaa bila kujali kanga yake.

"Kaka, hilo bamba unamtengenezea mgeni, au unamtengenezea wifi machela ya kuondokea?"

"Nanzia, usinianze."

"Mimi nikuanze? Nimechungulia ndani ya kile chombo. Viti viwili, kaka. Mtu mmoja, viti viwili. Au cha pili ni cha mbuzi?"

Senkondo alishuka kijitoni akijifanya anakwenda kupima ufa. Akachungulia. Kweli, viti viwili. Kimoja kimechakaa kwa kukaliwa. Cha pili kimetandikwa kitambaa safi, na juu yake kuna ua la buluu, lilelile la kando ya maji ambalo Nakijwa hupenda kulichomeka kwenye nywele. Alirudi juu akapiga bamba lile kwa hasira kiasi kwamba likatoka laini kama ganda la yai. Wivu ukimshika fundi, kazi hutoka nzuri.

Asubuhi bamba lilipopoa, Nakijwa alikuwa bado amelala. Siku hizo alilala sana. Alichukia moshi, na alikuwa akimegua udongo wa ukingoni na kuutafuna akidhani haonekani. Mume mwingine yeyote angeshaelewa. Senkondo aliona mapenzi ya mgeni yamemlevya.

Akakanda udongo na makapi. Akaanza kuziba ufa wa mvule, kutoka chini kwenda juu, taratibu, mkewe akiwa ndani. Atabaki humo mpaka yai lile la chuma litokomee angani, ndivyo alivyojiambia. Sasa sikilizeni alivyokosea, maana kosa hili ni la mhunzi peke yake, mtu mwingine asingeliweza hata kwa kulipwa. Mikono yake haikujua kuziba kitu kingine isipokuwa tanuri. Kwa hiyo ilifanya ilichozoea. Iliacha tundu jembamba, kama lile la bomba la mivukuto. Mdomo nao ukafuata mikono: akapiga funda la dengelua, akaupulizia udongo, akatamka maneno ambayo wahunzi huyatamka mbele ya tanuri lililojaa: "Kaa ndani mpaka kazi iive."

Akaganda, kiganja bado ukutani. Maneno yale hayarudishwi. Mhunzi akivunja udongo alioutamkia kabla kazi ya ndani haijaiva, kilichomo huharibika, na mkono wake hautoi tena chuma maisha yake yote. Alijaribu kujifariji kwamba huu si tanuri, ni mti. Mara akasikia kitu ndani. Pa! Pa! Pa! Kiganja cha mtu kikipiga udongo.

"Nakijwa?"

"Naam."

"Unafanya nini humo?"

"Naziba," sauti ikatoka tunduni. "Mhunzi gani wewe, umeacha nyufa kama mtoto anayejenga kwa matope. Upande wa kushoto hewa inapita. Endelea na wako, mimi namalizia huku."

Senkondo alikaa chini. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kupiga kelele za kumwita mgeni. Kwa hili hakujiandaa.

Ndipo Mmeremeto alipotokea kuchukua bamba lake. Aliutazama mti uliozibwa, akamtazama mhunzi mwenye udongo mpaka viwikoni. Senkondo aliruka na nyundo.

"Humchukui! Kitambaa nimekiona! Ua nimeliona!"

"Kiti kile ni cha mke wangu," Mmeremeto alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na "hee" wala madaha. "Tuliondoka wawili. Amefia njiani. Nakijwa ndiye aliyeniambia haifai kiti cha marehemu kukaa wazi bila hata ua."

Nyundo ikashuka kidogo.

"Lakini sitakudanganya, shemeji. Nilimwomba. Nilimwambia aje akakikalie, aone majua mawili. Hilo uliliona sawasawa."

Nyundo ikapanda tena. "Naye?"

"Alicheka. Akasema, nikienda, yule mpumbavu nani atampepetea mchanga? Halafu akaniambia ana kazi ndani, bado haijaiva."

Senkondo aligeuka akaweka mdomo tunduni. "Nakijwa. Kazi gani hiyo?"

Kisha sauti ikaja, karibu sana, kana kwamba naye ameweka mdomo palepale. "Nilitaka nikwambie jana. Ukaniuliza kwa nini nanuka maji ya kijito."

Mhunzi alipiga paji la uso kwa kiganja chenye udongo, na alama ikabaki. Akainua nyundo kuuvunja ukuta, liwe na liwalo.

"Weka chini!" Nakijwa akafoka. "Umeyatamka mwenyewe, nimekusikia. Ukibomoa sasa unaniharibia mwanangu. Ulitaka nikae ndani? Nimekaa. Nitatoka kazi ikiiva, si dakika moja kabla. Na nina njaa."

"Nikuletee nini?"

"Kuyu. Zilizoiva, za kileleni, si hizi za chini zilizotobolewa na wadudu."

Senkondo alikimbia. Akapanda mkuyu akateleza, akapanda tena akachunika kifua, akarudi na kuyu mbili zilizopondeka. Nakijwa alizila kabla mumewe hajapumua. "Nyingine." Jua halijafika utosini, mhunzi mkubwa wa mlima alikuwa ameketi chini ya mti akihema kama mivukuto yake, miguu inatetemeka, na kutoka tunduni sauti ile inauliza kama amelala.

Mmeremeto alikuwa ameshafunga bamba. Lilikaa sawasawa. "Shemeji, naondoka. Omba kitu chako."

Senkondo alifungua mdomo aseme chuma kisichoota kutu. Aliliona jina lake lile refu, likitajwa na wahunzi ambao hawajazaliwa. Kisha akasikia mkewe akitafuna udongo kwa njaa.

"Nipe cha kunifikisha kileleni," akasema. "Na kurudi upesi."

Mmeremeto alivua joho lake jeusi akamfunika mabegani, akavua kofia ya pembe akamvika. "Hivi ndivyo vinavyonibeba mimi nje ya chombo. Kwako vitashika mwili. Havivuliki."

"Havivuliki hata nikilala?"

"Hata ukifa, mwenzangu."

Joho likawa mabawa. Kofia ikashuka mpaka usoni, ikawa domo, na mkunjo wake wa mbele ukabaki juu ya domo kama pembe. Senkondo alipiga mabawa yale, na kwa kuwa mikono ilikuwa ya mhunzi, yakavuma vuu, vuu, kama mivukuto. Akarudi na kuyu tano kooni, akazipitisha tunduni moja baada ya nyingine, na Nakijwa, kwa kula kutoka kwenye domo lile, akaota manyoya naye kidogo kidogo humo gizani, hata hakujali, alikuwa anakula. Chombo kikanguruma, kikapanda juu ya mivule na kiti chake kitupu chenye ua, kikapotea. Senkondo hakukitazama. Alikuwa kileleni mwa mkuyu, anachagua zilizoiva.

Na tangu siku hiyo, msimu ukifika, hondohondo hutafuta mti wenye uwazi, akaleta udongo. Dume huukanda nje, jike hupiga plasta ndani, ukazibika wote isipokuwa tundu jembamba. Jike hutulia humo na mayai yake, ananenepa, na dume hukonda kwa kupeleka na kurudi. Ukisikia mvumo juu ya msitu ukadhani ni mtu anavukuta moto, ni yeye, anawahi kabla hajafokewa.

Wivu lakini haukumtoka, msidanganyike. Mtazameni anapofika na tunda. Hatoi kwanza. Atageuza kichwa kulia, kushoto, atakagua anga lote, kisha atalaza sikio tunduni. Maana jike humo ndani, katikati ya giza, mara nyingine hukumbuka kitu na kukohoa kicheko kidogo.

"Unacheka na nani humo?" dume huuliza.

"Ingia uone," jike humjibu.

Naye huingiza domo, mpaka kwenye pembe, na hapo hukwama.