Aliyeandikwa Jina la Mama Yake

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, na alikuwa na mama. Mtu huyo aliitwa Ambokile. Mashine yake ilikuwa Uyole, kando ya barabara inayoshuka kwenda Tukuyu, na kutwa nzima alisimama katikati ya vumbi la sembe, hata alipofunga mlango jioni alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Mama yake, Tusekile, alikuwa amemlea yeye na dada yake kwa kuchuuza ndizi, bila mume na bila kulalamika. Ambokile alimpenda mama huyu kama mtu anavyoupenda ukuta wa nyumba yake: hakuutazama, lakini aliuegemea.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, mama akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Wakamleta nyumbani kwa Ambokile wakamlaza chumba cha uani, na dada yake, Atuganile, akaacha shughuli zake akaja kumuuguza. Atuganile alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, alimkanda miguu, alimsimulia habari za majirani kana kwamba anajibiwa.

Ambokile yeye aliingia kila asubuhi, akasimama mlangoni, akaamkia. Mama akamtazama, midomo ikacheza, na sauti haikutoka. Tangu azaliwe hakuwahi kutoa shikamoo kwa mama yake ikakosa marahaba. Ukimya ule ulimchoma kuliko angeweza kumwambia mtu. Kwa hiyo alikaa kidogo, akasema mashine inamngoja, akaondoka. Na siku zilivyozidi kwenda, kile kidogo nacho kikapungua.

Lakini msidhani alikuwa mtoto asiye na moyo. Alitaka kumfanyia mama jambo, tena jambo kubwa ambalo halitafutika. Ndipo likamjia wazo la kuandikwa jina la mama yake mkononi, kwa tatuu. Hakuwa na alama yoyote mwilini ila zile ambazo maisha yenyewe yamempa. Alijua kanisani kwake watamsema, kwamba mtu mzima amejiingiza katika mambo ya wahuni. Hilo halikumrudisha nyuma. Aliona kwamba maneno ya watu yatakuwa ushahidi wa upendo wake.

Akaanza kutafuta mchoraji. Alitafuta kwa bidii ambayo hata mtu anayetafuta mke hana. Jioni, badala ya kwenda nyumbani, alipanda mjini Mbeya akaingia duka hili na lile. Aliwasimamisha watu asiowajua wamwonyeshe mikono yao. Alitazama picha, akalinganisha herufi, akawaza kama jina likae juu ya kiwiko au chini yake. Na katika kutafuta huko akapata nafuu, kwa maana muda wote aliokuwa akiwaza jina la mama hakuwa akiuona uso wake.

Watu wengi walimtajia mwanamke mmoja aitwaye Yusta, aliyekuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la dawa. Akamwendea. Chumba kilinuka spiriti. Sindano zilikuwa ndani ya pakiti ambazo hazijafunguliwa, na ukutani palikuwa na picha za kazi alizozifanya zamani, zilizokwisha kupona. Yusta hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimwambia asihukumu kazi ya mchoraji yeyote kwa picha ya siku ile ile, kwa maana siku ile kila kazi inang'aa. Atazame imekuwaje baada ya mwaka. Kisha akamuuliza mambo mengi: ana ugonjwa gani, anakunywa pombe, analala vizuri, anafanya kazi gani. Aliposikia habari ya mashine ya kusaga, akasema itabidi aiache mpaka kidonda kifunge, kwa sababu mtu hawezi kuwa na kidonda kibichi ndani ya vumbi.

Halafu akamkunjia mkono wa shati, akaona karibu na kiwiko kovu la zamani, limetuna kama punje ya haragwe. Akaligusa kwa kidole. Akasema ngozi ya namna hii haisahau. Kwanza angemtia nukta moja ndogo ya wino, aende nayo, arudi baada ya miezi kadhaa. Isipovimba, jina litaandikwa.

Ambokile akasema hana miezi, mama yake ni mgonjwa.

Yusta akavua glavu, akamtazama. Akasema, "Kumbe yu hai. Basi nenda ukakae naye, kaka; ngozi hii utabaki nayo hata yeye akishaondoka."

Ambokile alishuka ngazi na hasira. Aliona amefukuzwa. Yeye amekuja na mapenzi, naye anaulizwa habari za vumbi na makovu. Njiani alijisemea kwamba mwanamke yule hajui uchungu wa mzazi, na kila hatua ilimthibitishia maneno yake mwenyewe. Ndivyo tulivyo. Anayetuuliza tunamwita mgumu, na anayetukubalia tunamwita mwema.

Kesho yake alimpata mwema. Alikuwa kinyozi mmoja, Kefa, aliyechora tatuu nyuma ya pazia katika kibanda chake cha kunyolea. Kefa alimwonyesha picha katika simu, zote za siku ile ile, zote zinang'aa. Hakumuuliza habari za kovu wala za kazi. Alimuuliza tu, mkono upi? Ambokile akasema wa kulia, kwa kuwa ndio mkono wa heshima. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na kwa kuogopa sindano alikuwa amepitia kilabuni kutafuta ujasiri. Damu ilitoka nyingi, na Kefa aliifuta kwa kitambaa kilichokwisha kufuta damu za wengine. Lakini ilipokwisha, jina lilisimama jeusi na zuri: Tusekile. Ambokile akalia palepale kitini. Akajiona ametimiza.

Akarudi nyumbani mbio. Siku hiyo hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka kitandani, akapiga goti, akaufungua ule mkono uliozungushiwa nailoni, akauweka mbele ya macho ya mama yake.

Mama hakujua kusoma. Katika maisha yake yote hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na Ambokile alilijua hilo tangu utoto, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsomea majina kwenye magunia. Lakini katika kuwaza herufi siku zote zile, hakuliwaza. Kwa hiyo mama hakuona jina. Aliona mkono wa mwanawe umevimba na unatoka damu. Macho yakajaa machozi, na kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, akaanza kuvuta pembe ya kanga yake aliyojifunika, akajaribu kumfunika kidonda.

Atuganile alikuwa amesimama na bakuli la uji. Akasema polepole, "Tangu asubuhi anautazama mlango. Nilidhani leo utakaa."

Na kwa kweli alitaka kukaa. Lakini mkono ulikuwa ukiwaka moto, akaenda kulala. Asubuhi akafungua mashine kama kawaida, kwa kuwa Kefa hakumkataza na maneno ya Yusta alikwisha kuyatupa, na sembe ikashuka juu ya kidonda kama inavyoshuka juu ya kila kitu. Haukupita muda mkono ukajaa mpaka vidole vikakataa kujikunja. Homa ikampanda, akaanza kuweweseka, majirani wakampeleka hospitali. Huko akalazwa na dripu, na daktari akasema kama angechelewa zaidi, wangekuwa wanazungumza habari za kuukata.

Akiwa amelala huko, mama yake akafariki.

Walimruhusu kwenda kuzika. Jeneza lilitoka ndani ya nyumba likibebwa na wajomba na majirani, na Ambokile, mwana wa pekee wa kiume, alitembea nyuma na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mchungaji alipomwita kutia udongo alitia kwa mkono wa kushoto. Waliomwona walisikitika wakasema, ona jinsi msiba ulivyomlemea. Hakuwasahihisha.

Kidonda kilipona, lakini ngozi haikusahau. Herufi zilianza kuinuka, kwanza kama uzi, kisha kama kamba, zikavimba moja hadi nyingine mpaka zikashikana. Ulipopita mwaka, jina halikuwepo tena. Palikuwa na kovu nene linalong'aa, na wateja mashineni walimuuliza kama aliungua. Alijizoeza kujibu kwamba ndiyo, aliungua.

Siku moja alipanda tena zile ngazi za juu ya duka la dawa. Yusta aliutazama mkono kwa muda mrefu. Hakumkumbusha lolote. Alisema tu kwamba yeye hatatia sindano pale, na hamshauri amruhusu mwingine atie. Kisha, kwa huruma, kama watu wanavyoulizana wakikutana baada ya msiba, akamuuliza mama alikuwaje siku zake za mwisho.

Ambokile aliijua kila herufi ya jina la mama yake, aina tatu za mwandiko wa jina hilo, na upana wa kila mstari. Siku za mwisho za mama hakuzijua.

Akaenda kwa dada yake. Atuganile alikuwa akimenya viazi, akaendelea kumenya huku akimwambia, pasipo ukali. Alimweleza jinsi mama alivyopenda dirisha liachwe wazi aone jua la asubuhi. Jinsi alivyocheka, upande mmoja wa mdomo, kuku alipoingia chumbani. Na kwamba siku zile Ambokile akiwa hospitali, ulimi wa mama ulikuwa umeanza kufunguka. Neno moja tu lilimrudia, naye akawa analirudia kila aliposikia mtu akiingia uani.

Ambokile akauliza ni neno gani.

"Alikuwa anasema, wapi," dada akajibu. "Nami nikawa namwambia, mama, anakuja."

Ambokile akakaa chini kwenye kigoda, akachukua kisu, akamsaidia dada yake kumenya. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, na maganda aliyoyatoa yalikuwa manene.

Nanyi mlioketi hapa na kunisikiliza, rudini nyumbani kwenu mkajiulize: ni nani aliye hai chini ya paa lenu leo, ambaye ninyi mmekwisha kuanza kumkumbuka?