Mzazi wa Pili wa Mwantumu

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, palikuwa na kijiji cha wachonga mawe. Huko, mtu akifukiwa machimboni, anayemtoa akiwa hai huwa mzazi wake wa pili. Humwita baba, na siku akifa humlilia kama baba. Na mzazi huyo ni mmoja tu, wawili hawakubaliki.

Vijana wawili walikuwa wakisaka nguvu. Semboja alijitwika jiwe mabegani, akachuchumaa nalo, akasimama nalo, miguu, mgongo na mikono vikifanya kazi pamoja. "Mwili ni mmoja," alisema, "hauzoezwi vipande vipande!" Kupaza alimcheka. Yeye leo alizoeza vidole tu, kesho mkono, keshokutwa shingo. "Kiungo ukikisahau," alisema, "kitakuangusha." Wakabishana hivyo kila jioni, hata watu wakawachoka.

Siku moja machimbo yaliporomoka, yakawafukia mzee Shemdoe na binti yake Mwantumu. Sauti zao zilisikika chini ya bamba kubwa la jiwe. Kupaza alifika kwanza. Akalivuta, halikutikisika.

"Nipishe, ndugu yangu," Semboja akamwambia.

"Bado kidogo!"

Akavuta tena, akavuta tena. Alipokubali kupisha, sauti ya mzee ilikuwa imekwisha.

Semboja akachuchumaa, akashika, akasimama. Bamba likainuka! Lakini Mwantumu alikuwa amebanwa na kifusi, hawezi kutambaa. Kupaza akalala kifudifudi, akapenyeza mkono mmoja, akamshika, akamvuta kwa mkono huo tu. Mwantumu akatoka hai. Papo hapo vidole vya Semboja vikalegea, bamba likaanguka, likausaga mkono wa Kupaza.

Matanga yalipokwisha, Mwantumu alipewa udongo wa machimboni auweke katika kiganja cha mzazi wake wa pili. Vijana wakaketi mbele yake.

Semboja akasema, "Dada, nisingeinua bamba, ungepitia wapi? Nililishikilia mpaka ukatoka. Na huyu angenipisha mapema, leo tusingekuwa tumezika."

Kupaza akasema, "Ni kweli, kiburi kilinishika, na mzee hatanitoka moyoni. Lakini kuinua jiwe si kumtoa mtu. Aliyekutoa ni mimi. Na mkono uliokutoa umekatwa, kwa sababu ya vidole ambavyo mwenzangu hakuvizoeza."

Semboja akatazama vidole vyake.

Mwantumu akalia, jamani, akalia sana. "Nikimtazama Kupaza, namsikia baba akiita gizani. Nikimtazama Semboja, naona mkono ambao haupo. Mniache kidogo."

Wakamwacha. Lakini jua linazama, udongo unamkaukia mkononi, na wazee wanangoja.

Basi nanyi msinitazame mimi. Baba yake amekwenda, na neno hilo lazima alitamke tena mbele ya mmoja wa hawa. Je, nani alistahili kuitwa baba?