Mchwa Aliyekataa Kushinda

Sogeeni, lakini aliyetoka kula sasa hivi akae karibu na mlango. Hadithi yangu ya leo inatia kichefuchefu, na mimi mwenyewe naisimulia huku nimekunja uso.

Palikuwa na marafiki watatu huko Tabora, wote wanafunzi wa ufundi wa kompyuta, waliokuwa wakila sinia moja. Kalunde alikuwa na kipaji cha kupanga: mpe vurugu, akurudishie utaratibu. Mihayo alikuwa na kipaji cha kupima, hata chumvi aliionja na kuionja tena kabla ya kuongeza. Nyamizi alikuwa na kipaji cha kuona kasoro, na watu wa namna hiyo mnawajua. Akiingia nyumbani kwako, kitu cha kwanza kukiona ni utando wa buibui.

Siku moja likatangazwa shindano la programu za kucheza sataranji. Mtunzi wa programu itakayoshinda atapelekwa kusomea uundaji wa mashine zinazofikiri. Mtunzi mmoja, nafasi moja. Watatu hao walisoma tangazo wakacheka. "Tushinde kwanza," walisema, "hayo mengine tutazungumza." Programu yao wakaiita Mchwa, kwa sababu mchwa hula taratibu mpaka nyumba inaanguka.

Kalunde akaanza. Alimfundisha Mchwa sheria zote, farasi anarukaje na ngome inapita wapi, kisha akamfundisha kutazama mbele: nikienda hivi, mwenzangu atajibu vile, nami nitafanya nini? Bila Kalunde, Mchwa asingesogeza hata askari mmoja.

Lakini Mchwa aliona mbele bila kujua kipi ni kizuri. Alikuwa tayari kumpoteza malkia ili ale askari! Hapo Mihayo akashika kazi. Kila kete akaipa thamani yake, akapima hatari ya mfalme aliyeachwa bila kinga, akabadilisha tarakimu kidogo tu, kisha akamchezesha Mchwa mpya na Mchwa wa jana. Aliyeshinda alibaki, aliyeshindwa alifutwa. Aliendelea hivyo mpaka macho yakawa mekundu. Bila Mihayo, Mchwa angekuwa mpumbavu mwenye macho makali.

Hata hivyo Mchwa alibaki na ugonjwa mmoja wa ajabu. Anambana mfalme wa mwenzake pembeni, ushindi umebaki hatua moja, halafu hamalizi. Anamtembeza malkia huku na huko kama mtu anayepunga upepo. Na sheria ya sataranji ni kwamba ukizunguka mno bila kula kete wala kusogeza askari, mchezo unahesabiwa sare. Kalunde akakagua, asione kitu. Mihayo akapima upya, wapi. Aliyegundua ni Nyamizi.

"Jamani, huyu kwake ushindi wa sasa na ushindi wa baadaye ni sawasawa," alisema. "Kama kesho bado anaweza kushinda, leo ana haraka gani?"

Akamfundisha Mchwa kwamba ushindi wa karibu una thamani zaidi kuliko wa mbali, na ugonjwa ukapona. Bila Nyamizi, Mchwa angekuwa bingwa wa sare.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchwa akazishinda programu zote.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwalimu Siwema, mkuu wa waamuzi, aliwaambia walete jina moja siku ya Jumamosi, ambapo Mchwa angecheza na mmoja wa wageni mbele ya wengine. Na hapa ndipo uvundo unapoanza.

Kalunde alifungua programu, akafuta majina ya wenzake yaliyoandikwa pale mwanzoni, akaacha lake. Mihayo alimwendea Mwalimu Siwema, akamnong'oneza kwamba Kalunde kazi yake aliiiba mtandaoni, uongo mtupu. Nyamizi, ptuu, alimrudishia Mchwa ugonjwa wake kimyakimya, ili Mchwa aaibike mbele ya watu, naye Nyamizi ainuke kama tabibu. Na Jumamosi asubuhi wote watatu walikunywa uji wa sufuria moja, wakapitishiana sukari huku wakitabasamu. Mimi kinachonitapisha zaidi ni ile sukari.

Mchezo ukaanza. Mchwa alimbana mfalme wa mgeni pembeni, kisha akaanza kutembea. Malkia huku, malkia kule. Wageni wakacheka mpaka ikatangazwa sare. Nyamizi akasimama.

"Mwalimu, nipe dakika moja tu. Najua pa kugusa."

"Umejuaje, na hata hujaangalia?" Mihayo akamuuliza.

"Wewe nyamaza!" Kalunde akamdakia Mihayo. "Mwalimu ameniambia ulivyonisingizia wizi."

"Na wewe Kalunde una mdomo wa kusema?" Nyamizi akafoka. "Juzi nimefungua programu, jina langu sikulikuta!"

"Juzi uliifungua kufanya nini?"

Nyamizi akarudi kuketi. Ukumbi mzima ukaelewa.

Asubuhi ile Mwalimu Siwema alikuwa amewapa mkono wa pongezi. Sasa alitoa leso, akajifuta kiganja, kidole kwa kidole.

"Programu yenu ilishinda kihalali," alisema, "kwa hiyo nafasi ni yenu. Nileteeni jina moja, mmelitia sahihi wote watatu, kabla jua halijazama. La sivyo naipa programu ya pili."

Akawaingiza katika chumba kimoja, karatasi moja, kalamu moja.

"Bila mimi asingesogea."

"Bila mimi asingejua thamani ya chochote."

"Bila mimi asingemaliza."

Wakarudia, wakarudia tena. Ushindi umebaki hatua moja, nao wanazunguka.

Mimi kalamu hiyo nisingeishika hata kwa koleo. Lakini ninyi mna mikono safi, au ndivyo mnavyosema. Kuna aliyefuta, kuna aliyesingizia, kuna aliyetia sumu. Kazi yao ilikuwa sawa, na kila mmoja amejipaka uchafu wake. Je, wewe ungeandika jina la nani? Jibu upesi, jua limeshafika dirishani.