Muhanga na Laini ya Tai

Paukwa!

Pakawa!

Simu mmezizima?

Tumezizima!

Wewe uliyejificha nyuma ya mama yako, mwanga nauona usoni mwako. Zima. Haya, tegeni masikio, maana hii inawahusu hasa nyinyi wenye simu.

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walikuwa na simu na watu hawana, palikuwa na Bi Muhanga. Mnamjua muhanga? Pua ndefu, masikio kama ya punda, makucha ya kuchimbia. Mchana hulala shimoni. Usiku hutoka, hubomoa vichuguu, hula mchwa. Hula, hula, hula, mpaka ulimi unachoka.

Bi Muhanga aliishi milimani. Binti yake mmoja tu, Nyamizi, alikuwa ameolewa bondeni, na shimo lake lilikuwa ukingoni mwa Korongo. Mahali pale palimnyima mama raha. Korongo lilikuwa kavu mwaka mzima, mchanga mtupu, watoto wa ngiri wanachezea humo. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji hushuka yote kwa pamoja. Bondeni jua linawaka, hakuna wingu, na mto unakuja. Guuuu! Aliyelala shimoni hana habari. Na Nyamizi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mwororo, masikio yake bado yamelala. Mumewe alikuwa safarini.

Basi mama na binti wakakubaliana. Mama yuko milimani, ataisikia mvua kwanza. Akiisikia, atapiga simu. Nyamizi ataamka, atambeba mtoto, atapanda juu. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa kazi ya simu. Si picha, si umbea.

Bi Muhanga akaenda kuchagua. Mitandao ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Tai. Tai na jamaa zake waliruka juu, wakipokezana sauti angani, mlima kwa mlima. Wa pili ulikuwa wa Mchwa. Mchwa walipokezana sauti chini ya ardhi kwa kugonga vichwa kwenye udongo, tk-tk-tk, kichuguu kwa kichuguu. Vichuguu ndivyo vilivyokuwa minara yao.

Duka la Tai lilikuwa juu ya jabali. Muuzaji alikuwa Kanga, ndege mwenye madoadoa na mdomo usiojua kupumzika. Akamkaribisha Bi Muhanga, akamsifia pua. Akamtolea simu ya kioo, pana, inang'aa, ukijitazama unayaona masikio yako yote mawili. Akamwambia haiogopi maji, na Simba anayo hii. Twiga anayo. Hata Fisi ametupa ya zamani. Bi Muhanga akagusa kioo kwa ukucha, herufi tatu zikaandikika kwa mkupuo. Kanga akasema atazoea.

Wakaijaribu. Kanga akasimama upande huu wa jabali, Bi Muhanga upande ule.

"Haloo, mama, unanipata?"

"Nakupata. Utadhani umo ndani ya sikio langu."

Basi, moyo ukaridhika. Akachukua simu mbili na laini mbili, yake na ya Nyamizi. Malipo yake yalikuwa kumchimbia Kanga ghala la mtama, akachimba siku nzima, vumbi tupu.

Nyumbani alikuwa na mpangaji, Nungunungu, mpole, si mtu wa maneno. Yeye alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe, laini ya Mchwa. Akaitazama simu mpya, akaigeuza, akairudisha.

"Dada, umeijaribu shimoni?"

"Nimeijaribu jabalini, kwa Kanga mwenyewe."

"Binti yako analala jabalini?"

Bi Muhanga akakasirika. Nawaambieni, alikasirika kweli. Akamuuliza Nungunungu anataka aende kwa nani, kwa Mchwa? Wale ni chakula chake. Atampigia mwanawe kupitia kitoweo? Akacheka mpaka masikio yakamtikisika. Nungunungu akakunja miiba yake, akarudi chumbani kwake.

Bi Muhanga akashuka bondeni kumpelekea binti yake simu. Wakakutana nje ya shimo, wakajaribu haloo-haloo pale nje, sauti safi. Akambusu mjukuu. Akarudi kwake akila njiani kama kawaida yake, akafika ameshiba, akalala.

Kesho yake, mchana, akashtuliwa na ngurumo. Akatoa pua nje. Mvua! Mvua ya kumwagwa kwa ndoo, miti imeinama, kijito cha jirani kimeshageuka rangi. Akaishika simu, akapiga.

"Mnyama unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Akaitazama simu. Mtandao umejaa, chaji imejaa. Akapiga tena.

"Mnyama unayempigia hapatikani kwa sasa."

Hapatikani vipi? Yuko kwake, amelala, ana mtoto kifuani! Bi Muhanga akampigia Kanga. Kanga akapokea haraka, kwa adabu zote, akamwita mama, akauliza amsaidie nini. Bi Muhanga akaeleza, maneno yanagongana. Kanga akauliza binti yuko wapi.

"Shimoni mwake."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Sauti zetu zinapita juu. Chini ya ardhi hatufiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alisema hivyo kwa sauti ileile tamu ya kuuzia. Bi Muhanga alibaki mdomo wazi, mvua ikimwingia. Yeye, mnyama wa shimoni, mtoto wa wanyama wa shimoni, aliyezaliwa shimoni! Amenunua laini isiyoingia shimoni!

Akarudi ndani mbio. Akamwomba Nungunungu kisimu chake, wala hakukumbuka kuona aibu. Nungunungu akampa. Makucha yakabonyeza vitufe. Tk-tk-tk. Sauti ndogo ikaitika kutoka chini, sauti ya mchwa mmoja kati ya maelfu.

"Unampigia nani?"

"Nyamizi. Ukingoni mwa Korongo. Hana laini yenu, mgongeeni ukutani atoke, maji yanakuja."

"Nani anayepiga?"

Bi Muhanga akajibu kwa sauti ndogo.

"Muhanga."

Akangoja wamtukane. Akangoja wakate simu. Hawakumtukana, hawakukata. Tk-tk-tk, ikaenda, ikaenda. Tk-tk. Ikasimama.

"Mama," ile sauti ikasema, "sisi tunafikisha sauti ya yeyote. Hata yako tungeifikisha. Lakini mnara wa Korongo haupo. Uliliwa jana."

Jamani! Aliukumbuka. Kichuguu kirefu, pale njia inapopinda, udongo wake mwekundu. Alikibomoa mwenyewe, akakila mpaka chini, akamla na malkia, akajilamba. Alikuwa ametoka kumbusu mjukuu wake.

Akatupa kisimu, akakimbia. Alikimbia na maji yakikimbia ubavuni mwake, maji ya matope, yamebeba magogo, guuuu, yeye anakimbia, maji yanakimbia, na maji hayachoki. Akafika Korongo. Jua linawaka. Hakuna wingu. Nusu ya ukingo imekwenda.

Akachimba. Tope linajaa, anachimba. Tope linajaa, anachimba. Akashika mguu, akavuta, akamtoa Nyamizi, anatapika maji, yuko hai. Akarudisha mikono ndani, akapapasa huku, akapapasa kule. Hakukuwa na kingine. Maji yalikuwa yamemchukua mtoto.

Nyamizi akakaa kwenye mchanga. Kifuani alikuwa amekumbatia simu, ile ya kioo. Akamtazama mama yake.

"Mama, mbona hukupiga?"

"Nilipiga, mwanangu."

"Haikulia. Niliilalia kwa sikio ili isinipite. Haikulia."

Kanga hakudanganya kila kitu. Simu ile haikuogopa maji. Na sasa ilikuwa juu, nje, chini ya anga la Tai. Ikatetemeka mkononi mwa Nyamizi. Ikaanza kulia. Ting! Umepigiwa na Mama. Ting! Umepigiwa na Mama. Wote wawili wakaitazama, na hakuna aliyeweza kuizima.

Msinitazame hivyo, sikuyafanya mimi. Mafunzo yake ni haya. Ukichagua simu, usiangalie kioo, wala usiulize Simba anatumia nini. Uliza unayetaka kumpata analala wapi, uende ukaijaribu palepale. Na kabla ya kubomoa kitu cha mwenzako kwa sababu unamwona mdogo, jua kwanza kinabeba nini. Huenda kinabeba sauti yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo langu limekauka.